Mwili wa Mama si Najisi

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Haki na Amani ngazi ya parokia



Wapendwa viongozi wa Halmashauri ya Walei, akina mama wa WAWATA, wazee wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, makatekista na vijana wetu,

Litajwapo neno "haki", mawazo ya wengi wetu hukimbilia mahakamani, kwenye migogoro ya mipaka ya mashamba, au kwenye ofisi ambamo mnyonge hasikilizwi mpaka atoe chochote. Huko kote haki inadaiwa. Leo, hata hivyo, tunaombwa kutazama mahali palipo karibu nasi zaidi, mahali ambapo dhuluma hutendeka bila kelele kwa kuwa imevikwa vazi la mila na la heshima. Mahali hapo ni mwili wa mwanamke. Tunajiuliza: limetoka wapi wazo kwamba mwili huo, hasa katika siku zake za mwezi na wakati wa kujifungua, ni kitu kichafu kinachohitaji kutakaswa? Je, wazo hilo ni la Kristo? Na lingali linatenda nini miongoni mwetu?

Tunajua kwamba baadhi ya mambo haya hayazoeleki kutajwa hadharani. Tutayataja kwa staha. Lakini tutayataja, maana ugonjwa unaofichwa haupati mganga.

1. Maneno tunayoyatumia

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Neno "tohara" limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni usafi au utakaso. Kinyume chake ni "najisi". Basi anayempeleka binti yake kukeketwa na kuliita tendo hilo tohara amekwisha kutoa hukumu kabla ya kisu kutolewa: anasema kwamba mtoto huyo aliumbwa akiwa na uchafu, na kwamba ngariba atamtengeneza vizuri kuliko Muumba wake. Wala hatuwezi kulilinganisha jambo hili na tohara ya wavulana. Ukeketaji hukata viungo vyenye kazi yake, huleta kutokwa damu na maambukizo, na kuzidisha hatari wakati wa kujifungua.

Tusikilize neno jingine. Mtoto wa kike anapobakwa, watu wengi, na hata baadhi ya magazeti, husema kwamba "amenajisiwa". Tuangalie uchafu umewekwa wapi. Mtenda uovu anaendelea kuitwa kwa jina lake, na aliyetendewa ndiye anayebaki na jina la unajisi. Matokeo yake tunayafahamu. Wazazi huona aibu kana kwamba kosa ni la mtoto wao, wazee huitwa usiku, mbuzi wawili hutolewa, na jambo "linamalizwa nyumbani". Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka adhabu kali kwa ubakaji, kifungo cha miaka 30 au zaidi. Lakini sheria hiyo itamfikiaje mkosaji, ikiwa jamaa ya mtoto inaona ni heri kunyamaza kuliko kutajwa?

Tena, katika baadhi ya sehemu za kando ya Ziwa Viktoria na kwingineko Afrika, mjane alilazimishwa kulala na mwanamume ili "atakaswe" na kifo cha mumewe. Mume aliyefiwa na mke hakuitwa mchafu kwa kiasi hicho. Maneno haya matatu, yaani tohara, najisi na kutakaswa, yanatuonyesha wazo moja lililojificha chini ya mila nyingi.

2. Sheria ya Musa

Kuna wanaosema, "Padre, mbona Biblia yenyewe imesema hivyo?" Swali hili ni la haki na linastahili jibu la kweli. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 12, kinaagiza kwamba mama aliyezaa mtoto wa kiume angoje siku 40 kabla ya kuingia patakatifu, na aliyezaa mtoto wa kike angoje siku 80. Sura ya 15 inazungumzia siku za hedhi.

Lakini tusisome nusu. Sura hiyohiyo ya 15 inamhesabu mwanamume naye kuwa najisi kwa mambo ya mwili wake. Aliyegusa maiti ili aizike, tendo ambalo ni la huruma, naye alikuwa najisi kwa siku 7. Kwa hiyo unajisi katika Torati haukuwa dhambi, wala haukuwa tusi. Ulikuwa utaratibu wa ibada, uliotokana na heshima kuu waliyokuwa nayo Waisraeli kwa damu, maana katika damu waliuona uhai, na uhai ni mali ya Mungu. Sisi tumelichukua neno hilo tukaacha maana yake. Tumebaki na kumwona mwanamke mchafu, huku tukijiruhusu mengine yote ambayo Torati ilituwekea sisi wanaume.

Zaidi ya hayo, Luka anatueleza kwamba Bikira Maria mwenyewe alitimiza sheria hiyo, akatoa sadaka ya maskini, yaani ndege wawili badala ya mwanakondoo. Je, yupo miongoni mwetu atakayethubutu kusema kwamba kumzaa Mwana wa Mungu kulimchafua Maria? La hasha! Ndiyo maana sikukuu ya tarehe 2 Februari, ambayo kwa karne nyingi katika Kanisa letu la Magharibi iliitwa Kutakaswa kwa Bikira Maria, katika mabadiliko ya kalenda ya mwaka 1969 ilipewa jina la Kutolewa Bwana Hekaluni.

3. Kristo na mama aliyetokwa damu

Katika Injili ya Marko, sura ya 5, tunakutana na mama aliyekuwa akitokwa damu kwa miaka 12. Kwa sheria ya wakati ule, kila alichokikalia na kila aliyemgusa alipata unajisi. Tufikirie maana yake: miaka 12 bila kuketi na wenzake, bila kushikwa mkono, na bila kuingia hekaluni. Aidha, alikuwa ametumia mali yake yote kwa waganga na hali ikazidi kuwa mbaya. Akaja kwa siri, kutoka nyuma, akaligusa vazi la Bwana.

Kwa hesabu ya watu, Yesu alipaswa kunajisika. Kilichotokea ni kinyume: si uchafu uliotoka kwa mama kwenda kwa Yesu, bali ni nguvu iliyotoka kwa Yesu kwenda kwa mama. Kisha Bwana hakumwacha aondoke kwa siri kama alivyokuja. Alimwita mbele ya umati akamsikiliza mpaka aliposema kweli yote. Akamwita Binti. Mwanamke aliyekuwa hana nafasi miongoni mwa watu akapewa nafasi ya mtoto katika nyumba ya baba yake. Naye mkuu wa sinagogi, Yairo, ambaye binti yake mwenye umri wa miaka 12 alikuwa mahututi, alisimamishwa njiani kumngoja mama huyo maskini.

Sura mbili baadaye, Bwana anafundisha kwamba kinachomtia mtu unajisi ni kile kitokacho moyoni: uasherati, wizi, uuaji, tamaa, kiburi. Mafundisho haya hayana utata. Damu ya mama haimo katika orodha hiyo. Ukatili wa anayempiga mama umo.

4. Sauti mbili katika historia ya Kanisa

Kama Bwana alifundisha hivyo, kwa nini wazo la zamani lilirudi? Historia inaonyesha kwamba ndani ya Kanisa zilikuwapo sauti mbili.

Katika karne ya 3, Askofu Dionisi wa Aleksandria, huko Misri, aliandika kwamba mwanamke aliye katika hedhi asiikaribie Meza ya Bwana. Alitumia habari ya mama yule wa Marko: aligusa pindo la vazi tu, wala hakumgusa Bwana mwenyewe. Katika karne hiyohiyo, upande wa Siria, kitabu kiitwacho Didaskalia kiliwafundisha akina mama kinyume cha hayo. Kiliwaambia kwamba Roho Mtakatifu waliyempokea katika Ubatizo hawaachi kila mwezi kwa siku 7 na kuwarudia tena. Kwa hiyo wasiache sala wala Ekaristi.

Miaka mingi baadaye swali lilifika Roma. Beda, katika historia yake ya Kanisa la Waingereza iliyokamilika mwaka 731, ametuhifadhia majibu ya Papa Gregori Mkuu kwa mmisionari Agostino wa Canterbury, ya mwaka 601. Papa alijibu kwamba mama akiingia kanisani kumshukuru Mungu hata saa ileile aliyojifungua, hana dhambi. Na kwamba kumzuia ni kuyahesabu maumivu yake kuwa kosa. Kuhusu hedhi, naye alitumia habari ya mama wa Marko, lakini kwa hitimisho tofauti: ikiwa yule aliruhusiwa kuligusa vazi la Bwana, kwa nini huyu azuiwe kuingia nyumbani mwake? Tuone jinsi Injili moja ilivyozaa hukumu mbili, kadiri ya moyo wa msomaji.

Hata hivyo, sauti ya kukataza haikunyamaza. Vitabu vya malipizi vilivyotumika Uingereza na kwingineko Ulaya katika karne ya 7 na ya 8 viliwawekea akina mama mfungo kama adhabu ya kuingia kanisani katika siku zao. Hata Ibada ya Kumbariki Mama baada ya Kujifungua, iliyomo katika Kitabu cha Ibada cha Roma cha mwaka 1614, ingawa sala zake zilikuwa za shukrani, ilimwanzia mama mlangoni pa kanisa, amepiga magoti na mshumaa mkononi, mpaka padre aje kumnyunyizia maji ya baraka na kumwingiza ndani kwa ncha ya stola. Watu waliona kwa macho yao mtu anayeingizwa kutoka nje, wakaelewa kwamba anatakaswa. Ishara ilizidi maneno.

5. Shamba na mbegu

Wazo hili lilitegemezwa pia na elimu ya kale. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba baba ndiye anayetoa mbegu yenye uhai na umbo, na mama anatoa mahali na chakula tu. Mtoto wa kike kwake alikuwa kama mwanamume ambaye hakukamilika. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alipokea sehemu ya mafundisho hayo, ingawa aliongeza kwamba kadiri ya mpango wa Mungu mwanamke si kosa la maumbile. Wazee wetu nasi hatuwezi kuwacheka Wagiriki, maana tumesema mara ngapi kwamba mke ni shamba na mume ndiye mkulima?

Sayansi imeliondoa wazo hilo. Mwaka 1827 mtaalamu Karl Ernst von Baer aliliona na kulieleza yai la mnyama anyonyeshaye, na tangu hapo ikaanza kujulikana kwamba mama hachangii udongo tu, bali uhai wenyewe, sawasawa na baba. Mwaka 1905 Bibi Nettie Stevens wa Marekani, akichunguza wadudu, alionyesha kwamba ni mbegu ya baba inayobeba alama ya kuamua mtoto awe wa kiume au wa kike. Na ndivyo ilivyo kwa binadamu pia.

Tunawaomba wanaume mlisikie jambo hili vizuri. Kuna mama anayetukanwa na mawifi, anayepigwa, anayeletewa mke mwenza au kurudishwa kwao, kwa sababu "anazaa wasichana tu". Anaadhibiwa kwa jambo lililotoka kwa mumewe, jambo ambalo hata huyo mume hakulichagua. Watoto wote ni zawadi ya Mungu. Na anayemlaumu mama kwa zawadi hiyo anakosa elimu na anakosa haki pamoja.

6. Kanisa linaondoa mzigo

Kanisa, likiongozwa na Roho Mtakatifu, limeendelea kuuondoa mzigo huu hatua kwa hatua. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 zilisema kwamba mwanamke asitumikie Misa isipokuwa hakuna mwanamume, na hata hapo ajibu kutoka mbali bila kuikaribia altare. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika Ulimwengu wa Leo, ulitangaza kwamba ubaguzi wowote kwa sababu ya jinsia ni kinyume cha mpango wa Mungu. Ibada ya Ubatizo wa Watoto Wadogo ya mwaka 1969 iliweka baraka ya mama ndani ya ibada yenyewe, pamoja na baba na mtoto wao: haanzi tena mlangoni peke yake. Sheria mpya za mwaka 1983 zikakiri usawa wa hadhi wa waamini wote. Mwaka 1994 ikatangazwa kwamba wasichana waweza kutumikia altareni kwa idhini ya askofu, na mwaka 2021 Papa Fransisko akafungua huduma rasmi za usomaji na utumishi wa altare kwa wanawake. Mwili uliowekwa mbali na altare sasa unakaribishwa kuihudumia.

Papa Yohane Paulo II aliandika juu ya hadhi ya mwanamke mwaka 1988. Tarehe 29 Juni 1995, kabla ya mkutano wa Beijing, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania mwenzetu, Mama Gertrude Mongella, aliwaandikia wanawake wote barua ya shukrani, akasikitika kwa sehemu ambayo wana wa Kanisa wamekuwa nayo katika kuwadhalilisha. Mwaka huohuo, katika waraka uliotokana na Sinodi ya Afrika, alizilaani mila zinazowanyima wanawake wa Afrika haki zao na heshima yao.

7. Mzigo uliobaki mikononi mwetu

Hati zimeandikwa. Lakini hati haifiki jikoni wala chumba cha uzazi isipopelekwa na watu.

Wataalamu wanatufundisha kwamba saa na siku za kwanza baada ya kujifungua ndizo zenye hatari kubwa, na kwamba kutokwa damu nyingi ni sababu kubwa ya vifo vya akina mama duniani. Mama anayeambiwa kwamba damu yake ni aibu atachelewa kusema. Mume anayeambiwa kwamba mambo hayo si ya wanaume atachelewa kutafuta usafiri. Kukaa arobaini ili mama apumzike, apikiwe uji na asaidiwe kazi ni desturi njema, tena ni haki yake. Lakini kumfungia ndani kwa kumwona najisi, asipelekwe zahanati, ni kuyachezea maisha.

Vivyo hivyo kwa ugonjwa wa fistula, unaotokana na uchungu wa muda mrefu bila msaada, ambapo mama hutokwa mkojo bila kujizuia. Wengi huachwa na waume zao na kuketi peke yao nyuma ya nyumba, kama yule mama wa Injili. Tofauti ni kwamba leo wapo madaktari wanaoweza kuwaponya. Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyo ya Kanisa letu, na ile ya CCBRT, Dar es Salaam, zimewatibu akina mama wengi.

Juu ya ukeketaji, takwimu za kitaifa zinatupa matumaini: mwaka 1996 wanawake 18 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, mwaka 2015/16 walikuwa 10. Lakini kwa Manyara na Dodoma idadi bado ilikuwa juu sana, ingawa sheria ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18.

Hatimaye, tutazame kwaya zetu. Binti akipata mimba huondolewa mara moja, na tumbo lake huwa ushahidi. Kijana aliyempa mimba hubaki mstari wa nyuma akiimba besi, maana mwili wake hauonyeshi kitu. Shuleni nako ilikuwa hivyo, mpaka Novemba 2021 Serikali ya Tanzania iliporuhusu wanafunzi waliojifungua kurudi masomoni. Je, parokia iwe nyuma ya shule? Dhambi, kama ipo, ni ya wawili. Kumwadhibu mmoja kwa kuwa mwili wake umesema kweli si kulinda maadili, bali ni kuupa ujanja tuzo.

8. Yatupasayo kutenda

Kwanza, tusafishe maneno yetu: tuite ukeketaji ukeketaji, na tuseme kwamba mtoto amebakwa, asitwe najisi aliyeumizwa. Pili, kesi ya ubakaji wa mtoto isimalizwe kwa wazee wa Jumuiya. Ipelekwe hospitali na polisi upesi. Tatu, kila Jumuiya iwe na utaratibu wa kumpeleka mama zahanati, mchana au usiku, na wanaume wawe wa kwanza kuchangia nauli. Nne, shule zetu ziwe na maji, vyoo vyenye milango na taulo za kike, ili binti asikose darasa kwa sababu ya siku zake. Tano, nidhamu katika vyama na kwaya iwe moja kwa wote.

Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mwana wa Mungu mwenyewe alikubali kubebwa tumboni, kuzaliwa kwa uchungu wa dunia hii na kunyonyeshwa. Hakuona mwili wa mwanamke kuwa makao yasiyomfaa. Sisi ni nani hata tuuone mchafu?

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Ni maneno gani ya lugha zetu yanayouita mwili wa mwanamke mchafu? Tuyabadilishe vipi?
2. Mama akijifungua katika Jumuiya yetu, wanaume hufanya nini katika siku 7 za kwanza?
3. Je, yuko mama miongoni mwetu aliyejitenga kwa ugonjwa wa aibu? Nani atakwenda kumtembelea wiki hii?
4. Kanuni za kwaya na vyama vyetu zinawahukumu msichana na mvulana kwa mizani moja?